Kamera Yenye Shingo

Okolona, Louisville
14 Januari 2024

Kaka yangu mpenzi Jovini,

Pokea salamu zangu na za mpwa wako Clémence. Kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kusema si kitu? Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotutafuta miguuni. Clémence ana meno mawili sasa, yote ya chini, na kila akinyonya ananionyesha yanavyofanya kazi.

Najua utacheka kuona karatasi. Simu ninayo, lakini kwenye simu unanijibu kwa kidole gumba na mimi nataka maneno. Wewe ulipotangulia Marekani, mimi nikabaki kambini na mama, tuliandikiana hivi hivi. Barua zako mama alikuwa anazinusa kwanza ndipo nimsomee. Basi vumilia mwandiko, ni ule ule wa darasa la sita.

Kamera ya mtoto imefika, asante sana kaka. Nimeiweka juu ya kabati kama ulivyonielekeza. Nikiwa kazini kwenye ghala la vifurushi, wakati wa mapumziko nafungua simu, namwona Clémence amelala, na Yudita, jirani yangu wa mlango wa pili, anasinzia kwenye kiti pembeni. Wenzangu wananionea wivu. Nawaambia, kaka yangu anasomea vitu hivi mpaka daraja la mwisho, hanipi takataka.

Shemeji yako Sylveri bado yuko Buffalo kiwandani, na sisi tukipata nafasi tutamfuata. Mama yake, mama Kornelia, ametutengea chumba cha juu nyumbani kwake. Ndiyo ninachokisubiri kuliko kitu chochote, mtoto kuamka na kumkuta baba yake chumbani, si kwenye kioo cha simu.

Tatizo ni huyo mama mwenyewe. Sijakwambia. Alikuja kututembelea Novemba, akamwangalia mtoto, akambonyeza shavu, akasema mbele ya Sylveri na Yudita, "Pua hii hatukuileta sisi." Basi. Hakumpakata. Mimi nikamwekea chai. Maneno yangu nimeyaweka kwenye wimbo wa kumlaza mtoto. Unajua kwetu Burundi, mama anayebembeleza ana ruhusa ya kulalamika, na aliyesikia anapita kama hakusikia. Mama yetu alimwimba shangazi miaka yote ile, na shangazi yuko ukuta wa pili anapepeta mchele, wala hakuacha kupepeta. Wimbo wangu ni mrefu. Sehemu ya kwanza namsema, ya pili namwombea.

Swali moja. Kanisani kijana mmoja alitutangazia kwamba paswadi iliyokuja na kamera lazima ibadilishwe. Nibadilishe?

Dada yako mdogo,
Florida

* * *

Columbus
2 Februari 2024

Mdogo wangu Florida,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye basi la chuo, na nikapitiliza kituo. Kifua kimepona. Meno ya Clémence yabusu kwa niaba yangu, kama atakubali.

Huyo kijana wa kanisani amesema kweli kwa watu wengine. Kazi yangu hapa ndiyo hiyo, kuchunguza vitu vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti, taa, kengele za mlango, kamera. Kuna watu mbali huko wana programu zinazopita nyumba kwa nyumba dunia nzima zikijaribu milango, na paswadi ya kiwandani ni mlango ulioegeshwa tu. Wakiingia wanakiteka kifaa, wanakitumia kushambulia wengine. Na sasa limezuka jambo jipya linalotutia wasiwasi zaidi. Wengine hawateki. Wanakaa kimya, wanakusanya sauti za watu, maana siku hizi mashine ikisikia sauti yako kidogo inaweza kusema chochote kama wewe.

Lakini ya kwako usiiguse. Nimeiwekea ulinzi wangu mwenyewe kabla ya kuituma. Ukibadilisha paswadi utauharibu. Niachie mimi.

Kuhusu mama mkwe, piga moyo konde. Wazee wa kwetu wanatoa maneno kama mtu anayepiga chafya. Mwezi wa nne nitakwenda Buffalo kuzungumza mbele ya watafiti wenzangu, nitapita kwake kumsalimia na kulitengeneza jina letu.

Kaka yako,
Jovini

* * *

Okolona, Louisville
3 Machi 2024

Kaka Jovini,

Habari za masiku? Umekula leo, au umekunywa kahawa ukaiita chakula? Clémence anatambaa. Anatambaa kinyumenyume, anafika mahali asipopataka, kisha ananilaumu mimi.

Habari njema. Sylveri amepaka rangi kile chumba cha juu, amenitumia picha. Ametundika na pazia la kitenge, limekaa upande, lakini amelitundika mwenyewe. Tumesema mwezi wa sita. Nimeshamwambia msimamizi wangu, na nimeanza kumwambia Yudita kidogo kidogo ili asilie siku moja yote.

Sasa nikuulize kuhusu kamera. Inageuka. Nimeiacha ikitazama kitanda cha mtoto, nikitoka kuoga naikuta inatazama kitanda changu. Wiki iliyopita nilikuwa namwimbia mtoto mchana, nikasikia inalia kidogo, zzz, ikanigeukia usoni ikatulia. Nikasimama, ikainua kichwa.

Nikamwita Yudita. Akaikagua mbele na nyuma, akasema, "Mama Clémence, kitu chenye shingo kina mawazo."

Nikamwambia, "Kaka yangu ameiwekea ulinzi."

Akasema, "Mlinzi gani anayemwangalia mwenye nyumba akivaa?"

Tulicheka, lakini nikaifunika na kitenge. Naifunua nikienda kazini tu. Je, nikibadilisha ile paswadi sasa? Au niiachie? Nafuata utakalosema, wewe ndiye mwenye kujua.

Dada yako,
Florida

* * *

Columbus
11 Machi 2024

Florida mdogo wangu,

Naandika haraka, nina kazi ya kumaliza kabla ya safari ya Buffalo. Mimi mzima, natumai na nyinyi.

Usiogope. Kamera za namna hiyo hufuata sauti, ndivyo zilivyotengenezwa. Tafadhali ondoa kitenge. Kitambaa kinaipasha joto, inaweza kuungua. Iache wazi mchana na usiku, na paswadi ibaki ile ile.

Nawapenda.

Kaka yako,
Jovini

* * *

Okolona, Louisville
19 Mei 2024

Jovini,

Natumai u mzima. Sisi tunapumua.

Nakueleza kama Sylveri alivyonieleza, kwa sababu nataka uone mahali ulipotufikisha.

Ulipopita Buffalo mwezi wa nne, mama Kornelia alikupokea kama mkwe. Alikuchinjia. Ulipoondoka akawa anauliza kila mtu jinsi ya kuyaona yale mazungumzo yako kwenye intaneti. Jumapili iliyopita Sylveri akampatia, akayaweka kwenye televisheni. Mama akaita watu wa kwaya na wazee wa kanisa, akakaanga sambusa, akapanga soda. Walikaa sebuleni wamevaa nguo za ibada kukutazama wewe.

Unazungumza Kiingereza, wao hawaelewi. Kataliko, yule shemasi Mkongo, ndiye aliyekuwa anajaribu kutafsiri. "Anasema mtandao. Bon, anasema hatari. Sasa anasema tena mtandao." Wao wanatikisa vichwa. Mama anasema, "Oneni koti lake." Kila mtu ameridhika.

Kisha ukabonyeza kitu, na katika maneno yote yaliyosikika siku ile, yakaja ambayo kila mzee wa Burundi pale ndani aliyaelewa. Mwanamke anambembeleza mtoto kwa Kirundi, anamwita Kanyana, kindama, kama kila mama wa kwetu. Kataliko, maskini, akaendelea na kazi yake, "Hapa sasa mtu anaimba."

*Nyamaza, Kanyana wangu, usiulize.*
*Bibi alikutazama kama nyanya ya sokoni,*
*akakubonyeza, akakurudisha kwenye kikapu.*
*Akasema, pua hii hatukuileta sisi.*

Mzee Gakwaya alicheka kwanza. Alicheka kwa nguvu kwa sababu ya nyanya, ndivyo alivyo. Wimbo ulipofika kwenye pua, kicheko kikakatika. Maana mama Kornelia aliporudi kutoka kwangu Novemba, neno lile la pua aliwasimulia wenyewe, hapo hapo sebuleni, kama kichekesho. Wakageuka wote wakamtazama, Jovini. Mama alikuwa ameshika sahani ya sambusa. Sylveri alisimama kabla wimbo haujaisha, kwa sababu ni sauti ya mke wake.

Mama akawasindikiza wageni mpaka mlangoni. Kisha akamwambia Sylveri, "Mkeo amekwenda kunitukana Marekani nzima, na kaka yake ndiye mpiga ngoma." Chumba cha juu amesema sasa ni cha kuwekea viazi. Mwezi wa sita hakuna. Sylveri ananipigia, anapumua tu kwenye simu, hajui amtetee nani.

Wimbo ule niliuimba kwenye chumba changu, mchana, mlango umefungwa. Hakuwepo mtu ila mimi na mtoto na kile kitu chako. Nimekaa siku hizi zote natafuta njia ambayo wewe huhusiki. Nimefikiria mwizi, nimefikiria Yudita, Mungu anisamehe. Kila njia inarudi kwenye "ondoa kitenge".

Uliutoa wapi wimbo wangu?

Florida

* * *

Columbus
27 Mei 2024

Dada yangu Florida,

Shikamoo yako ningekupa mimi leo, ingawa wewe ndiye mdogo. Sijui niulizeje afya zenu.

Nitasema ukweli. Hakukuwa na ulinzi wowote. Niliiacha paswadi ya kiwandani makusudi. Tulihitaji nyumba ya kweli, yenye watu wanaoishi kweli, ili tuone nani anaingia na anafanya nini. Kwenye maabara tuliweka kamera kwenye vyumba vitupu, na hawa wakusanyaji wa sauti wanatambua chumba kitupu, wanaondoka. Kwako walikaa. Walioigeuza ile kamera ni wao, si mimi. Mimi nilikuwa nachukua nakala ya kila walichokichukua. Nakuapia, usiku na wakati wa kuvaa nilikuwa nafuta bila kutazama.

Nilipoona wanavuta wimbo wako, nilijua nimepata kitu ambacho hakuna aliyewahi kukionyesha. Nilikata jina la mtoto kila lilipotajwa. Niliuficha uso wako. Nikachagua kipande cha Kirundi kwa sababu katika ukumbi ule hapakuwa na mtu ambaye angeelewa hata neno. Niliona hiyo ndiyo heshima ninayoweza kukupa. Mama Kornelia na televisheni yake sikumfikiria.

Kazi hii itawalinda watu wengi, Florida. Akina mama wengi wenye kamera kama ile. Kampuni iliyozitengeneza imeshaanza kuzirekebisha.

Sasa kuna jambo. Mtu mmoja aliyesikiliza aliuliza ile ni nyumba ya nani. Profesa wangu ananihoji. Kanuni za chuo ni kali, anayechunguzwa lazima aelezwe yote na akubali. Mimi nilimwambia ulielezwa. Atakupigia simu akiwa na mkalimani. Nakuomba useme nilikueleza, na ukakubali. Maneno hayo mawili tu. Bila hivyo nafukuzwa, na miaka yote inapotea, hata ile ambayo wewe uliacha shule ukakaa na mama ili mimi nifanye mitihani. Usiiache ipotee.

Nisamehe. Nitapiga magoti mbele ya mama Kornelia ukitaka.

Kaka yako daima,
Jovini

* * *

Buffalo
18 Agosti 2024

Jovini,

Salamu. Sisi wazima. Clémence ametembea.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na neno ambalo si tusi, na wewe unajua mama alitulea vipi.

Profesa wako alipiga. Mkalimani alikuwa mwanamke wa Kitanzania, ana sauti ya upole, akanisalimia vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kusema yale maneno mawili. Kweli, niliyafanyia mazoezi nikifunga vifurushi. Miaka yako nilikuwa naibeba mgongoni mwangu pia, ningeiangushaje? Kisha profesa akauliza, "Ulijua kwamba kuna watu wanakutazama?" Na Clémence alikuwa sakafuni, anakula kisigino cha kiatu changu. Nikamtazama. Nikasema, "Nilikubali kamera. Wageni sikukubali. Niliuliza mara mbili, kaka akaniambia niache wazi."

Wamekuondoa, nimesikia. Sikufurahi. Nililia jikoni kwa Yudita mpaka ugali ukaungua, na Yudita akasema tuule hivyo hivyo, unafanana na siku yenyewe.

Kamera nimeituma kwa profesa, aliiomba. Niliifunga kwenye kile kitenge.

Wale waliochukua sauti yangu, siwajui na hawanijui. Hao ni wezi, nimewaweka pamoja na wezi wengine. Sylveri nimemwambia, siku akipigiwa simu na sauti yangu inaomba kitu, aniulize pazia lilikaa upande gani. Lakini wewe hukutokea nje, Jovini. Uliingia kwa mlango, nikakuwekea kiti. Ulinichagua mimi kwa sababu nakuamini, na ukauchagua wimbo kwa sababu haueleweki. Watu wa ukumbi ule hawakuuelewa, kweli. Wewe uliuelewa. Ulijua ni wa nini, ulijua kwamba anayeusikia anapita. Hilo ndilo sijaweza kulimeza. Kama ungekuwa mzungu ningesema hakujua.

Mwanzoni mwa mwezi huu niliacha kusubiri kuitwa. Nikapanda basi na mtoto na masanduku yetu. Basi lilisimama Columbus muda mrefu. Nikashuka, nikambadilisha Clémence nepi, nikanunua chai, nikakaa kwenye benchi. Namba yako naijua kwa kichwa. Nikamaliza chai, tukapanda.

Sylveri alikuwa kazini tulipofika. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Niliona pazia la sebuleni linatikisika, lakini hakuna aliyeitikia. Basi nikakaa kwenye ngazi za mbele, mtoto analia kwa uchovu, nikafanya nini? Nikamwimbia. Wimbo ule ule. Mama yuko nyuma ya mlango, nasikia kandambili zake. Nyanya nikaiimba, pua nikaiimba, sikuruka kitu. Kisha nikaendelea na ile sehemu ya pili, ambayo wewe unayo na hukuwapigia.

*Tutakwenda kwake, Kanyana, tutakula maharage yake*
*yaliyokosa chumvi, tuseme ni matamu.*
*Utamwita bibi kabla hujaniita mama.*
*Siku miguu yake ikichoka, wewe utamshika mkono*
*akivuka barafu, na pua yako mbele.*

Kandambili zikasimama. Mlango ukafunguka kidogo. Akasema, "Mwingize mtoto, kuna mbu."

Tukaingia. Akamchukua Clémence, akambeba upande upande kama mtu anayebeba sinia la mtu mwingine, akaanza kumtembeza. Mimi nimesimama na masanduku. Baadaye, bila kunitazama, akauliza, "Hiyo ya mwisho, kwa nini kwenye televisheni haikuwepo?"

Nikasema, "Kaka yangu aliikata."

"Kwa nini?"

"Hakuihitaji, mama."

Akatembea kidogo. Akasema, "Maharage yangu yana chumvi."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Hatujapatana, usidhani. Gakwaya akija anaingia jikoni kwa mlango wa nyuma ili asinione, anaogopa atacheka. Chumba cha juu tunalala na magunia ya viazi, mama hajayatoa na sisi hatujamwomba. Lakini Clémence akiamka anamkuta baba yake. Jana asubuhi alimvuta pua akamwambia, ba. Mama alikuwa mlangoni, akasema labda ile pua ni ya upande wa marehemu mume wake.

Unaniomba nikusamehe, na unataka kuja kupiga magoti. Mimi sikukatazi barabara. Ila jua kwamba tangu tumefika hapa namlaza mtoto mchana, dirisha wazi, na wimbo umeongezeka. Umo. Sijakusema vibaya kuliko ninavyosema kwenye karatasi hii, na sehemu yako ya pili sijaipata bado. Naitafuta.

Ukija, piga hodi kama watu wote, kisha ukae kwenye ngazi usubiri. Sijui nani ataitikia.

Florida,
mama Clémence